Tahajia ya Kiingereza na matamshi yake: tatizo haliko kwenye herufi bubu

Mtu aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili huanza Kiingereza akiwa amebeba imani moja ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kumtamkia waziwazi, nayo ni kwamba herufi ni sauti iliyoandikwa, na kwamba anayeliona neno tayari anajua jinsi ya kulisema. Imani hiyo ina msingi. Kiswahili kina irabu tano na herufi tano za kuziandikia, silabi zake karibu zote huishia na irabu, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mtoto aliyemaliza ba, be, bi, bo, bu na wenzake anaweza kusoma kwa sauti hata gazeti ambalo maana yake haijamwingia. Kiingereza hakimpi dhamana hiyo. Matamshi sanifu ya Uingereza kwa kawaida huhesabiwa kuwa na fonimu 44, yaani sauti zinazoweza kutofautisha neno moja na jingine, na kati ya hizo 20 hivi ni irabu, zikiwamo zile za mwambatano ambazo ulimi huanzia mahali pamoja na kuishia pengine. Herufi za kuandikia sauti zote hizo ni 26, na za irabu, ukiiacha y inayofanya kazi pande mbili, ni tano zilezile alizozizoea.

Mazungumzo kuhusu jambo hili, darasani na magazetini, mara nyingi huishia kwenye kichekesho cha herufi zisizotamkwa: k ya “knife”, b ya “debt”, p ya “receipt”, gh ya “night”. Kichekesho chenyewe hakikosi utamu, lakini kinampotosha mwanafunzi, kwa sababu herufi bubu ni sehemu ndogo na nyepesi ya tatizo. Mtu huzikariri mara moja na shughuli ikaisha. Ugumu wa kweli uko kwenye irabu na kwenye mkazo, na ili kuona kwa nini ni hivyo inabidi kufuata jinsi maandishi ya Kiingereza yalivyojikusanya karne kwa karne, maana hakuna mtu wala baraza lililowahi kuketi na kuyatunga.

Maandishi hayo yalianza kwa uaminifu mkubwa. Herufi za Kilatini zilienea Uingereza baada ya mwaka 597, wakati mmisionari Augustino aliyetumwa kutoka Roma alipofika Kent, na watawa waliozitumia kuandika lugha ya wenyeji waliyafuata masikio yao. Pale Kilatini kilipokosa herufi walijiongezea yao, ikiwamo þ iliyotoka katika maandishi ya kale ya runi na kusimamia sauti ya th. Neno ambalo leo ni “knight”, yaani askari wa farasi wa tabaka la heshima, liliandikwa “cniht” na kila herufi ilisikika: c ilikuwa k, ikafuatwa papo hapo na n bila irabu katikati, i ilikuwa i ya Kiswahili, na h iliyotangulia t ilikuwa sauti ya mkwaruzo iliyokaribiana na kh ya “Alkhamisi” inapotamkwa na mtu aliyepita chuoni. Mwanafunzi wa Lamu angelisoma neno hilo kwa usahihi zaidi kuliko Mwingereza wa leo.

Mambo yalianza kuchanganyika baada ya mwaka 1066, William wa Normandy alipoitwaa Uingereza na Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na ya mahakama. Kiingereza kiliporudi kuandikwa kwa wingi, kiliandikwa na watu waliozoea desturi za Kifaransa. Kwa mkono wao cw ikawa qu, na “cwen” ikageuka “queen”; u ndefu ikaandikwa ou, na “hus” ikawa “house” ingawa midomo iliendelea kusema huus; h ya mkwaruzo ikawa gh, na “niht” ikawa “night”. Badiliko jingine lilitokana na mwandiko wenyewe. Katika hati za mkono za enzi hizo herufi i, n, m, u na v zilichorwa kwa vijiti vifupi vya wima vinavyofanana, kiasi kwamba u ikifuatwa na n, m au v msomaji alibaki akihesabu vijiti ili ajue herufi moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi ni kwamba waandishi waliamua kuweka o mahali pa u penye msongamano huo, na ndiyo sababu “sunu”, mwana wa kiume, ameishia kuwa “son”, “lufu” ikawa “love”, na “cuman” ikawa “come”. O ya “love” haikuwekwa kwa ajili ya kinywa bali kwa ajili ya jicho la msomaji wa ngozi zilizoandikwa kwa kubana, na imedumu karne nyingi baada ya ngozi hizo kuacha kutumika.

Uchapaji uliingia kabla mkanganyiko huo haujatulia. William Caxton, mfanyabiashara aliyeishi miaka mingi Bruges na kujifunza kupiga chapa Cologne, alifungua matbaa yake Westminster mwaka 1476, katika nchi ambayo Kiingereza chake hakikuwa kimoja. Yeye mwenyewe, katika dibaji ya kitabu alichokitoa yapata mwaka 1490, alisimulia habari za wafanyabiashara waliokuwa mtoni Thames wakisubiri upepo, mmoja wao akamwomba mwanamke wa Kent mayai kwa neno la kaskazini “egges”, naye akajibu kwamba hajui Kifaransa, jibu lililomkasirisha mwombaji kwa kuwa naye Kifaransa hakukijua. Mwanamke huyo alizoea kuyaita mayai “eyren”. Mpiga chapa aliyetaka kitabu kimoja kiuzike nchi nzima alilazimika kuchagua, na kwa jumla uchaguzi uliangukia Kiingereza cha London na cha ofisi za mfalme, pamoja na vumbi lote la tahajia ya Kifaransa lililokuwa ndani yake. Wasaidizi wake walitoka ng’ambo ya bahari, na wanahistoria wa lugha huihusisha h ya “ghost”, neno ambalo awali liliandikwa “gost”, na mazoea ya Kiflemi waliyokuja nayo mafundi hao.

Uchaguzi huo ulifanyika wakati mbaya kuliko wote. Kati ya mwaka 1400 na 1700 hivi, irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa katika mwendo ambao mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, alikuja kuuita Mhamo Mkuu wa Irabu, na ambao ndio unaoeleza sehemu kubwa ya kile kinachomsumbua msomaji wa leo. Irabu hutofautiana hasa kwa kimo cha ulimi: katika a ulimi umelala chini, katika e na o umeinuka nusu ya njia, katika i na u umekaribia kaakaa. Katika mhamo huo kila irabu ndefu ilipanda ngazi, na zile mbili zilizokuwa juu kabisa, zikiwa hazina pa kupanda, zilipasuka na kuwa irabu za mwambatano. “Name”, iliyokuwa naa-me yenye silabi mbili, ikaishia kuwa neim; “meet”, iliyokuwa na e ndefu, ikawa miit; “moon”, iliyokuwa na o ndefu, ikawa muun; “bite”, iliyokuwa na i ndefu, ikawa bait; “house” ikaacha huus na kuwa haus. Hakuna aliyeamuru mwendo huo, na aliyezaliwa ndani yake hakuuona, kwa kuwa kila kizazi kilitofautiana na wazazi wake kwa kiasi kidogo tu. Herufi za risasi kwenye matbaa, wakati huohuo, zilikuwa zimekwisha kuzoeleka jinsi zilivyo, na kadiri vitabu vilivyoongezeka ndivyo ilivyokuwa vigumu kuzihamisha zifuate sauti.

Mhamo huo haukuziacha hata herufi katika majina yake. Mfaransa, Mjerumani, Mwitalia na Mswahili wakitaja herufi a, e na i husema kitu kilicho karibu na a, e, i. Mwingereza husema ei, ii, ai, kwa sababu majina ya herufi nayo yalikuwa na irabu ndefu na yalichukuliwa na mkondo uleule. Hapa ndipo penye uhusiano wa moja kwa moja na msomaji wa Kiswahili. Tahajia ya Kiswahili kwa herufi za Kilatini ilijengwa katika karne ya 19 na wamisionari, miongoni mwao Edward Steere aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, na mfumo uliozoeleka ulizipa irabu thamani ya Kilatini na ya Kitaliano, huku konsonanti kama ch, sh, j, y na th zikipewa thamani ya Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa Dodoma au Machakos anapofungua kitabu cha Kiingereza, konsonanti nyingi humpokea kama jamaa, naye huhitimisha kwamba irabu nazo ni jamaa, ilhali irabu ndizo zilizohama nyumba. Mitego inayomnasa imepangwa hivyo na historia ya mifumo yote miwili.

Mhamo wenyewe, kwa kuongeza utata, haukuwa kamili. Maneno mengi yaliyoandikwa kwa ea, kama “meat” na “sea”, yalipanda hadi kwenye i ndefu. Machache, yaani “great”, “break” na “steak”, yalisita njiani na kubaki na ei. Mengine, kama “head” na “bread”, yalikuwa yamefupishwa irabu yake na hayakupata hata nafasi ya kupanda. Vivyo hivyo “food”, “good” na “blood” zina oo ileile iliyotoka kwenye o ndefu ileile, isipokuwa ya kwanza ilibaki ndefu, ya pili ilifupishwa kwa kuchelewa, na ya tatu ilifupishwa mapema ikaendelea kubadilika hadi kukaribia a. Anayetafuta kanuni ya sasa ya oo hataipata, kwa kuwa kilichopo ni hatima tatu za irabu moja.

Baadhi ya herufi zilizopoteza sauti zilipewa kazi nyingine, na jambo hili huwa halisemwi na wanaozicheka. E ya mwisho wa “name” ilipoacha kutamkwa haikufutwa, bali iligeuka ishara kwamba irabu iliyotangulia ni ile iliyohama: “mat” ni tofauti na “mate”, “pin” na “pine”, “hop” na “hope”. Kurudufisha konsonanti hufanya kazi ya kinyume, ndiyo maana “hopping” ni kurukaruka na “hoping” ni kutumaini. K ya “knife” na “knee” iliendelea kusikika hadi karne ya 17 na kuisha kabisa kwa wengi mwanzoni mwa ya 18. Leo haina kazi zaidi ya kumwambia msomaji kwamba “knight” si “night” na “know” si “no”, msaada ambao kwa macho si mdogo.

Kundi jingine la herufi bubu, hata hivyo, halijawahi kutamkwa na wenyeji, nalo lilitokana na majivuno ya wasomi. Katika karne za 15 na 16, Kilatini kilipokuwa kipimo cha elimu, waandishi walirudi kwenye maneno ambayo Kiingereza kilikuwa kimeyapata kwa Kifaransa na kuyavika nguo za mababu zao wa Kirumi. “Dette” ilipewa b ili ionekane mtoto wa “debitum”. “Doute” ikapewa b ya “dubitare”. “Receite” ikapewa p ya “recepta”. Mara nyingine walikosea ukoo: “island” ni neno la Kiingereza halisi, lililotoka kwenye “igland” na kuandikwa “iland”, lakini lilitiwa s kwa kudhaniwa kuwa ni ndugu wa “isle” na “insula” ya Kilatini. Shakespeare aliwacheka watu hao katika tamthilia ya Love’s Labour’s Lost, ambamo mwalimu Holofernes anawalaumu wanaotamka “doubt” na “debt” bila b, yaani anawalaumu waliokuwa wakisema sawasawa.

Kiswahili kilipokopa maneno kutoka Kiingereza kilipitisha hukumu yake bila kujua. Waliolichukua neno la stakabadhi walilichukua kwa sikio, wakapata “risiti”, na p ya wasomi haikuonekana. “Saini” haina g ya “sign”. “Stesheni” imeandika sh pale ambapo Waingereza huandika ti. “Kabati” halina habari ya p iliyomo katika “cupboard”. Na “betri”, yenye silabi mbili, inashuhudia kwamba mwenye lugha huandika silabi tatu katika “battery” na mara nyingi kuzisema mbili. Orodha ya maneno kama hayo ni aina ya rekodi ya sauti, iliyotunzwa na watu ambao hawakuwa wamefundishwa tahajia na kwa hiyo hawakudanganywa nayo.

Kiingereza chenyewe hakikopi kwa namna hiyo. Kiswahili hulivua neno geni maandishi yake na kulivika yake. Kiingereza hulipokea na mavazi liliyokuja nayo, kisha hulitamka kinavyoweza. Ndiyo sababu ch ina sauti tatu zinazofuata asili ya neno: katika “church”, neno lililomo tangu kale, ni ch, katika “chef”, la Kifaransa cha karibuni, ni sh, katika “chorus”, lililotoka Kigiriki kupitia Kilatini, ni k. Mtu anayejua kidogo historia ya neno anaweza kukisia matamshi yake, lakini ni kanuni isiyomfaa mtoto wa miaka saba. Hata “safari” imeingia Kiingereza na tahajia yake ya Kiswahili bila kuguswa herufi, huku irabu zake zikitamkwa kwa namna ambayo mwenyeji wa Unguja ingembidi asikilize mara mbili.

Upo mtazamo unaoitetea tahajia hiyo, na ni wa kuchukuliwa kwa uzito. Mwaka 1968 wanaisimu wa Marekani Noam Chomsky na Morris Halle, katika kitabu chao cha fonolojia ya Kiingereza, walidai kwamba maandishi ya lugha hiyo yanakaribia kuwa bora kwa wenyeji wake, kwa sababu hayaandiki sauti ya juu bali umbo la ndani la neno, lile linalobaki thabiti neno linaponyumbulika. G isiyotamkwa katika “sign” husikika katika “signature”. C ya “muscle” hufufuka katika “muscular”. C ya mwisho wa “electric” ni k, ya “electricity” ni s, ya “electrician” ni sh, na bado jicho linaona ukoo mmoja. Kiambishi cha wakati uliopita huandikwa -ed siku zote, ijapokuwa ni t katika “walked”, d katika “called” na id katika “wanted”. Ili kuona tofauti ya falsafa hizi mbili inatosha kutazama ngeli ya KI-VI. Kiswahili huandika “kisu” lakini “chakula”, “kitanda” lakini “chumba”, kwa kuwa ki- ikikutana na irabu mara nyingi huwa ch- na kalamu huufuata mdomo. Kama tahajia ya Kiswahili ingetungwa kwa tabia ya Kiingereza, chumba kingeandikwa “kiumba” na vyumba “viumba”, mwalimu angewaambia watoto wasome ch na vy, na mtetezi mmoja angesimama kueleza kwamba hivyo ni bora kwa sababu umoja na wingi vinaonekana.

Dai la Chomsky na Halle lina ukweli ndani yake, ila linamfaa zaidi mtu ambaye tayari anayo maneno kichwani. Anayejifunza lugha ukubwani hana ukoo wa kuutambua, na kwake kinachofichwa na tahajia hiyo ni kikubwa kuliko kinachofunuliwa, kwa sababu maandishi ya Kiingereza hayaonyeshi mkazo hata kidogo. Mkazo ni ile nguvu inayowekwa kwenye silabi moja kuliko nyingine. Kiswahili kinaujua vizuri, kwa kuwa “barabara” ya magari na “barabara” ya sawasawa huandikwa kwa herufi zilezile na kutenganishwa na mkazo peke yake. Lakini katika Kiswahili mfano huo ni wa nadra kiasi kwamba kila kitabu cha sarufi huutaja uleule. Katika Kiingereza mkazo hauna kiti maalumu, na zaidi ya hapo silabi isiyokuwa nao hupokonywa irabu yake. Chochote kilichoandikwa hapo, kiwe a, e, i, o au u, huelekea kuwa sauti moja fupi na hafifu ya katikati ya kinywa, ambayo wanaisimu huiita shwa, ambayo Kiswahili hakina, na ambayo ndiyo irabu inayosikika mara nyingi kuliko zote katika Kiingereza. Imo katika a ya “about”, e ya “taken”, o ya “lemon” na u ya “circus”, na haina herufi yake hata moja.

Familia ya “photograph” inaonyesha uzito wa jambo hili kwa karibu. Katika “photograph”, picha, mkazo uko silabi ya kwanza: o ya kwanza husikika kama ou, o ya pili ni shwa, na a ya mwisho husikika wazi. Katika “photography”, sanaa yenyewe ya kupiga picha, mkazo umehamia silabi ya pili, na irabu zimebadilishana kazi: o ya kwanza iliyokuwa nzima sasa ni shwa, o ya pili iliyokuwa shwa sasa ni o kamili, na a iliyokuwa wazi imefifia. Katika “photographic” mkazo umesogea tena, na a imepata uhai kwa sauti nyingine. Herufi hazikutikisika. Msomaji wa Afrika Mashariki, kwa uaminifu aliofundishwa, huzitamka irabu zote kwa ukamilifu katika maneno yote matatu na kuweka mkazo panapoelekea silabi ya pili kutoka mwisho, kisha hushangaa kwamba msikilizaji wa London amemwomba arudie, ilhali hakuacha herufi hata moja. Aliyemwelewa vibaya hakukosa herufi. Alikosa umbo la neno, kwa kuwa mwenyeji hulitambua neno kwa silabi yenye nguvu kabla hajaangalia nyinginezo. Ukiongeza kwamba “bad”, “bud” na “bird” katika vinywa vingi vya ukanda huu huangukia karibu na a moja, na “ship” na “sheep” i moja, inaonekana wazi kwamba muda unaotumika darasani kukumbushana k ya “knife” ungefaa kutumika kwingine. Maneno kama “record” na “export”, ambayo ni nomino mkazo ukiwa mwanzoni na ni vitenzi mkazo ukiwa mwishoni, yangekuwa somo bora la kuanzia.

Upotovu wa tahajia, basi, ni mkubwa kiasi gani? Mzaha maarufu wa neno “ghoti”, linalodaiwa kusomeka kama “fish”, samaki, kwa kuchukua gh ya “enough”, o ya “women” na ti ya “nation”, hupewa George Bernard Shaw kimakosa, kwani umo katika barua ya mwaka 1855, kabla Shaw hajazaliwa. Mzaha huo unafurahisha kwa sababu si kweli: gh haitamkwi f mwanzoni mwa neno lolote la Kiingereza, na ti haiwi sh mwishoni. Herufi za Kiingereza husomwa kwa nafasi na kwa majirani. Mwaka 1966 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakiongozwa na Paul Hanna waliipa kompyuta kanuni za kugeuza sauti kuwa herufi na kuijaribu kwa maneno zaidi ya 17,000. Iliandika sawasawa karibu nusu ya maneno yote, na asilimia 37 nyingine ilikosea sauti moja tu. Huo si mfumo wa kichaa, lakini haumfariji mtoto. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake uliochapishwa mwaka 2003, uliolinganisha usomaji wa watoto katika mifumo 13 ya uandishi ya Ulaya, ulionyesha kwamba mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule watoto wa lugha nyingi walisoma sawasawa zaidi ya asilimia 90 ya maneno mepesi waliyoyazoea, ilhali watoto wa Scotland waliosoma kwa Kiingereza walifikia asilimia 34. Hata ikizingatiwa kwamba watoto wa Uingereza huanza shule mapema kuliko wenzao, pengo hilo ni kubwa.

Kwa nini basi maandishi hayo hayakurekebishwa? Waliojaribu ni wengi. Mtawa aliyeitwa Orm, katika karne ya 12, alirudufisha konsonanti baada ya kila irabu fupi ili wasomaji wa mahubiri yake wasikosee, na mfumo wake haukuwa na wafuasi. Benjamin Franklin alibuni alfabeti mwaka 1768. Noah Webster, kwa kamusi yake ya mwaka 1828, aliwapa Wamarekani “color” na “center”, lakini “tung” badala ya “tongue” ilimshinda. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliagiza machapisho ya serikali yatumie tahajia mpya ya maneno 300, na kabla mwaka haujaisha Bunge la nchi yake lilikuwa limempinga. Mwaka 1949 muswada wa marekebisho ulishindwa katika Bunge la Uingereza kwa kura 87 dhidi ya 84, tofauti ya watu watatu. Shaw naye alipofariki mwaka 1950 aliacha fedha katika wosia wake kwa ajili ya alfabeti mpya, ikapatikana, na tamthilia yake moja ikachapishwa kwayo mwaka 1962, lakini kuizoeza nchi kulishindikana.

Hoja ya gharama ya kuchapa upya vitabu vyote hutajwa sana, lakini kikwazo kikubwa zaidi ni swali la kuandika sauti ya nani. Mskoti huitamka r ya “car” na “farm”, Mwingereza wa London huiacha. Kwa Mlondoni “father” na “farther” ni neno moja, kwa Mmarekani wa kawaida ni mawili. Tahajia itakayomtii mmoja itamdanganya mwenzake, na hakuna chombo chenye mamlaka ya kuchagua, kwa kuwa Kiingereza hakijawahi kuwa na kitu kama ile Kamati ya Lugha iliyoundwa Afrika Mashariki mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Tahajia iliyopo haimtii yeyote kikamilifu, na kwa sababu hiyohiyo gazeti la Edinburgh linasomeka Texas na Kampala bila kuandikwa upya.

Kinachoendelea kwa sasa ni mwendo wa kinyume, ambamo sauti huyafuata maandishi. Maneno “author” na “throne” yaliingia Kiingereza na t ya kawaida, wasomi wakayatia h kwa kufuata Kilatini na Kigiriki, na baada ya muda wenye lugha wakaanza kutamka th kwa kuwa waliiona. L ya “fault” nayo ilitiwa na wasomi kwa namna ileile ya b ya “debt”, ila yenyewe ilifanikiwa kuingia kinywani. Shule zilipoenea na kusoma kukawa kwa kila mtu, mvuto huo uliongezeka: “forehead”, iliyokuwa ikitamkwa bila h, sasa hutamkwa na wengi pamoja na h yake, na t ya “often”, iliyokuwa imenyamaza kwa karne kadhaa, imerudi katika vinywa vya watu wengi Uingereza na Marekani kiasi kwamba kamusi za matamshi huorodhesha namna zote mbili. Mwalimu wa Tabora au Kisumu anayeitamka t hiyo hana tena sababu ya kuomba radhi.